Boriti ya Ambrus wa Kövesrév

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile lilikuwa mkono wa Borbála juu ya kisogo cha mumewe, Jumapili asubuhi, akimkumbusha ainame mlangoni asigonge kichwa. Akainama, akatoka na boriti begani.

Basi sikieni, watu wa Kövesrév, ninyi mnaovaa jezi ya rangi ya tofali na kuimba uwanjani msichokijua. Zamani zile Hungaria ingali na mfalme, alikuwapo Ambrus mwana wa Gáspár, Gáspár mwana wa Imre, Imre yule aliyekuja kwa miguu kutoka kijiji kilichomezwa na mafuriko, akakuta mahali hapa hapana kitu ila udongo, akasema, “Udongo unatosha.” Wote watatu walikuwa wafyatua matofali. Ambrus ndiye aliyewapita baba zake kwa kimo na kwa nguvu, Bega la Kövesrév, Mbeba Paa, mtu ambaye farasi akigoma alimfungua na kuvuta mkokoteni mwenyewe. Hakuwa mtu wa kuinama. Mlango wa kanisa ulikuwa mrefu kumzidi, na ofisini kwa msimamizi wa shamba hakuingia kamwe, bali alisimama nje kwenye mvua mpaka msimamizi akatoka. Mlango mmoja tu katika dunia ndio uliomwinamisha, nao ni wa nyumba yake.

Msimamizi huyo aliitwa Zsadányi. Aliishi ng’ambo ya mto, katika mji wa Nagyperes, na mashamba ya tajiri mwenye ardhi pande zote mbili za mto yalikuwa chini ya fimbo yake. Watu wa Nagyperes walikuwa na uwanja wa nyasi, mabenchi yenye kivuli na viatu vya ngozi. Sisi walituita vyura. Wafyatua matofali walipokwenda kuomba mahali pa kuchezea mpira, Zsadányi aliwapa shimo la udongo lililokwisha kuchimbwa, lenye maji ya kijani na mbu, akawaambia wageni wake wa chakula cha mchana, “Chura humpi kiti, humpa shimo.” Wageni wakacheka. Ambrus alikuwa amesimama uani, akayasikia yote, akavaa kofia yake.

Alilijaza shimo lile. Alilijaza kwa matofali yaliyovunjika na majivu ya tanuri, majira ya baridi mawili, baada ya kazi, na wenzake nyuma yake, hata ardhi ikanyanyuka na majani yakaota. Ndivyo ilivyozaliwa klabu hii. Haikuzaliwa kwa furaha, msidanganywe na nyimbo. Ilizaliwa kwa chuki, na kwa miaka yake ya kwanza haikula chakula kingine.

Ila uwanja bila magoli ni malisho tu. Nchi ile ni tambarare isiyo na miti, na mbao zote zilikuwa katika ghala la shamba, ambako Zsadányi alikwisha kukataza mfyatua matofali yeyote asiuziwe hata kigingi. Goli la kwanza walilipata kwa mabaki ya daraja lililobebwa na maji. La pili, milingoti yake ilitoka kwenye banda la tanuri, lakini mtambaa panya wa kuiunganisha hawakuupata popote. Na sheria ya wilaya ilikuwa wazi: timu isiyo na magoli mawili kamili haipokei wageni, na isiyopokea wageni inafutwa.

Usiku mmoja Ambrus alilala chali kitandani, akaitazama boriti kuu ya nyumba yake. Ilikuwa ya mwaloni, ya Imre, na paa zima liliilalia. Juu yake walikuwa wakiweka Biblia, wembe wake, na mshumaa wa harusi yao. Borbála alifuata macho yake mpaka juu.

“Usiniambie,” alisema.

Borbála akaondoa Biblia, wembe na mshumaa, akavipanga mezani. “Itoe basi. Lakini irudi kabla jua halijagusa matete, Ambrus. Nami pia ninaishi humu.”

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Jumapili ya mechi Ambrus aliingiza bega chini ya paa, akalinyanyua na nyasi zake na masizi yake, na Borbála akasimamisha nguzo mbili za muda, akazikaza kwa kabari na nyundo ya mbao. Kisha boriti ikachomolewa. Mchana wote Borbála alibaki nyumbani, kwa maana paa hutitia polepole na kabari hulegea, na masikio yake yalijua mlio wake. Hakuiona mechi hata moja. Jua likielekea kwenye matete, Ambrus alirudi na boriti, akainama mlangoni, akanyanyua paa tena.

Mwaka wa nne Zsadányi alichoka. Alitangaza mbele ya kanisa kwamba shimo ni mali ya shamba na kwamba angelijaza maji afuge samaki, isipokuwa vyura waifunge Nagyperes katika mchezo wa mwisho wa msimu. Wakishinda, lingekuwa lao milele. Alisema hivyo kwa sababu hatukuwa tumewahi kuifunga Nagyperes, na alimwita kasisi awe shahidi ili kicheko kiwe kikubwa zaidi.

Hiyo ndiyo Jumapili tuliyoanza nayo.

Watu wa Nagyperes walikuja kwa magari ya farasi, na hata kabla hawajashuka walikuwa wakipiga kelele.

“Enyi vyura! Mmeleta boriti? Na mkeo analala wapi leo, Ambrus, chini ya sketi yake?”

“Mwacheni, hiyo ndiyo nyumba pekee duniani inayokwenda kucheza mpira!”

Ambrus alipandisha boriti juu ya milingoti bila kugeuka. Alicheza beki siku hiyo kama alivyocheza siku zote, na waliokuja upande wake walirudi wakichechemea. Katika kipindi cha pili lango la boriti lilikuwa letu, na mshambuliaji wao, kijana wa duka la nguo, alimpita kipa wetu akapiga mkwaju ambao kila mtu aliuona ukiingia. Ukagonga mwaloni wa Imre ukarudi uwanjani. Mpira ulimfikia Ambrus. Aliupiga kutoka pale pale alipokuwa. Mpira ule ulipita juu ya vichwa vya wote, na kipa wa Nagyperes akaukumbatia vizuri kabisa, na ukaingia naye golini.

Refa alipopuliza kipenga cha mwisho, Zsadányi alikuwa tayari ndani ya gari lake. Watu wetu hawakujua kushangilia, walirusha matope. Kisha Kelemen, kaka yake Borbála, mwenye kilabu cha mvinyo, alitoa wazo. Waliishusha boriti, wakamkalisha Ambrus juu yake kama mfalme, na wanaume wakaibeba mabegani.

“Nyumbani,” alisema Ambrus. “Jua linashuka.”

“Shemeji,” alisema Kelemen, “paa limekusubiri miaka minne. Leo halitakusubiri glasi moja?”

Wote wakacheka. Ambrus alitazama magharibi, na ninyi mjue kwamba aliona mahali jua lilipokuwa. Akakubali. Mwenye nguvu kuliko wote alibebwa na wanyonge mpaka kilabuni, na boriti ikalazwa juu ya meza mbili, na glasi zikapangwa juu yake.

Upepo ulikuja kutoka kaskazini kabla ya glasi ya pili.

Majirani walisema baadaye kwamba Borbála alikuwa ametoka nje salama, akasimama uani akiitazama njia. Kisha akasikia kabari ikilegea. Akarudi ndani, na paa likamwangukia.

Ambrus alilinyanyua paa lile mara ya mwisho, peke yake, na hapakuwa na wa kuweka nguzo. Alimkuta na nyundo mkononi.

Ndiyo maana leo, enyi wa Kövesrév, timu yenu ikishinda hakuna mchezaji anayekunywa mpaka amefika kwanza kwake, akagusa boriti ya nyumba yake na kuitika anapoitwa na wa nyumbani mwake. Nagyperes hutucheka, husema hatujui kusherehekea. Ni kweli. Hatujui, na hatutaki kufundishwa.

Kulipopambazuka klabu nzima ilikuwa uwanjani, kofia mkononi. Ambrus alikuja na boriti. Kelemen alisogea ashike upande mmoja.

“Shemeji…”

“Usiniite hivyo,” alisema Ambrus. “Aliyekupa neno hilo hayupo.”

Akaipandisha peke yake. Akaipigilia kwa misumari ya tanuri, akitumia nyundo ya Borbála, mpaka mti ukalia, akasema bila kuwatazama: “Shimo ni lenu. Mlilitaka. Boriti hii haina nyumba tena, haitashuka.” Nyundo akaiweka kifuani, ndani ya koti.

Kisha akaelekea tambarare, kule alikotoka Imre, na njia yake ilipita katikati ya goli. Boriti ilikuwa juu, na nafasi ilimtosha hata yeye. Alipofika chini yake, Ambrus aliinama.