Mama Amepumzika

Hapo zamani, simu hazijafika kwenye milima yetu, kulikuwa na dada mmoja akiitwa Nakijwa. Wewe wa dirishani, geuka huku! Nyote mmeniandikia kwenye mtihani kwamba tasfida ni kutumia neno laini mahali pa neno kali. Sawa, nimewapa vema. Sasa sikilizeni tasfida ilivyomliza mtu.

Nakijwa aliolewa ng'ambo ya mlima, mwendo wa kutoka alfajiri mpaka alasiri. Alikuwa amejifungua juzijuzi tu, hana nguvu. Huko kwao mama yake alikuwa anaumwa kifua, anakohoa mpaka kunakucha. Kila aliyetoka kwao, Nakijwa alimuuliza lile lile: "Mama analala?" Nao walimjibu, "Bado, dada, bado."

Basi, mama akafariki. Mjomba Kiangi, kaka wa marehemu, akamwita jirani yake Senkondo. "Nenda kwa Nakijwa. Mwambie mama amepumzika. Sema hivyo hivyo, usiongeze neno. Tutamngoja mpaka kesho jioni, ndipo tuzike."

Senkondo akapanda mlima, akashuka mlima, akafika. Akavua kofia. "Dada Nakijwa, mama amepumzika."

Jamani! Nakijwa akapiga vigelegele. "Amepumzika! Mama yangu amepata usingizi!" Akajikongoja mpaka jikoni, akarudi na kibuyu cha samli. "Mpelekee, kaka. Akiamka wamtilie kwenye uji."

Senkondo akageuka. Akamtazama Mbonea, mume wa Nakijwa, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mbonea alikuwa ameshaelewa. Akatikisa kichwa taratibu: usiseme. Senkondo akapokea samli, akaenda zake.

Kesho yake jioni watu wamekaa na majembe yao, wanangoja. Mjomba akauliza, "Nakijwa yuko wapi?" Senkondo akaweka kibuyu chini, akalia. Wakazika.

Nakijwa alipopata nguvu kidogo, Mbonea akamwambia ukweli. Msiniulize alilia vipi. Akafunga mtoto mgongoni, akapanda mlima, akashuka mlima, mumewe nyuma yake. Alipofika kwao hakuingia ndani. Alisimama uani, akasema kwa sauti, "Aliyeninyima kumzika mama yangu aje apige magoti hapa, aniombe radhi. Bila hivyo nyumba hii siingii tena."

Mjomba Kiangi akatoka. "Mwanangu, ningemtuma mtu aje akwambie mama yako kafa? Hivyo hivyo, kavu, na wewe ni mzazi? Nilichagua neno la heshima. Watu wazima wote wanalielewa."

Senkondo akasema, "Mimi nilipewa maneno mawili, nikafikisha mawili. Niliona hukuyaelewa, sikatai, na ile samli ilinielemea njia nzima. Lakini mwenye nyumba alinikataza. Mimi ni nani nivunje neno la mtu kwake?"

Mbonea akasema, "Nilielewa pale pale. Lakini mke wangu, hata uani ulikuwa huendi bila kushikwa mkono. Ningekwambia, ungetoka usiku ule ule, ungeanguka njiani wewe na mtoto. Mkwe wangu ameshakufa. Nikuzike na wewe?"

Nakijwa akawatazama mmoja mmoja. Machozi yanamtoka, hata hayafuti. "Wote mlinionea huruma," akasema. "Na mama yangu amezikwa mimi sipo."

Sasa yuko pale uani. Mtoto analia, jua kali, mlango uko wazi, na ndani kuna kitanda cha mama yake ambacho anatamani hata akiguse tu. Hataingia mpaka mmoja apige magoti. Na msinijibu "wote watatu", maana huko ni kukwepa, na mkikwepa anageuka anaondoka. Aliyechagua neno laini, aliyelibeba bila kulifafanua, au aliyelielewa akanyamaza: je, nani alistahili kupiga magoti?