Mwanasesere Aliyefumuliwa Mdomo

Hebu tulieni kwanza, kina mama. Na wewe hapo, weka huo mkasi chini kabla hujamtoboa mwenzako. Macho mmeshashona, nywele za katani mmeshapachika, matumbo mmeyashindilia usufi mpaka yanataka kupasuka, na sasa kila mmoja wenu ananijia na uzi mwekundu mkononi: Bibi, na mdomo je? Mdomo hakuna. Mwanasesere wa kitambaa hashonwi mdomo, na msinikunjie uso, sikulianzisha mimi. Visheti bado vinapoa jikoni. Pakateni hao watoto wenu wa tambara niwaeleze ilikuwaje.

Enzi hizo, wakati hata bibi wa bibi yangu hajazaliwa, wanasesere walikuwa na midomo, na midomo hiyo ilisema. Haya, chekeni, mkimaliza nitaendelea. Mama alikuwa akikata tambara la kaniki kuukuu, analipa umbo la mtoto, anajaza usufi, anashona macho. Mdomo ulikuja mwisho kabisa, na mdomo haukushonwa na mtu peke yake. Ulichukua mtoto wako wa tambara, ukaenda naye kwa jirani, wanawake wakakaa kwenye mkeka mmoja, na wakati wewe unapitisha uzi wao wanapiga soga. Huyu anasimulia harusi, yule anamsema mkwe wake, mwingine anaimba. Maneno yote yale yaliingia na uzi. Mtoto akipewa mwanasesere huyo alikuwa amepata soko zima mkononi, la kucheka na la kugombana nalo.

Basi katika kijiji kimoja cha mabondeni, kule wanakolima mpunga, palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanamize. Hakuwa mwenyeji. Mumewe alimtoa mbali akamleta pale, akamjengea ng'ambo ya kijito, wakapata mtoto wa kike wakamwita Kazija. Kisha yule mume akaugua homa, akafa. Watu walikuja kuzika, wakakaa matanga, wakapika, wakaosha vyombo, wakaviinamisha jikoni vizuri. Wakaondoka. Siku ya pili yake Mwanamize aliamka akafagia uwanja, akangoja, na hakuna aliyevuka kijito.

Sikilizeni vizuri hapa, maana watu huwa wepesi wa kulaumu. Wale hawakuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa na shamba lake na watoto wake, na kila mmoja alidhani jirani yake amekwenda kumwangalia mjane. Na yeye Mwanamize alikuwa na haya, haya ya mgeni. Hakuwahi kuzoea kupiga hodi kwenye nyumba za watu bila sababu. Akibanwa na haja ya chumvi, alikula bila chumvi.

Mpunga ulipoanza kuzaa, ikabidi ashinde shambani juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi, anaamia ndege wasimmalizie mavuno. Siku za mwanzo alimbeba Kazija mgongoni. Lakini bondeni kulikuwa na mbu na jua kali, na mtoto akapata homa ileile iliyomwondoa baba yake. Alipopona, mama akaapa kwamba hatamrudisha tena kule. Watoto wa wenzake walikuwa wakishinda pamoja uwanjani kwa mwanamke mmoja wa makamo, Bi Chausiku, ambaye nyumba yake haikukauka watu. Mwanamize angeweza kumpeleka mwanawe huko. Hakumpeleka, kwa kuwa hakuna aliyemwambia amlete.

Akamwacha nyumbani. Na mtoto alilia, jamani, alilia kutwa nzima, sauti ikimfuata mama mpaka juu ya dungu. Mwanamize akaona amshonee mwenzake wa kukaa naye. Alichukua pindo la kaniki yake ya harusi, akakata, akajaza usufi, akashona macho yakakaa sawasawa, kwa maana mkono wa kushona alikuwa nao. Akabakisha mdomo. Akamficha yule mwanasesere ndani ya nguo, akavuka kijito, akaenda mpaka mlangoni kwa Bi Chausiku.

Ndani wanawake walikuwa wakicheka. Walicheka kicheko kile cha watu waliozoeana, mmoja akianza wote wanaangua, na yule wa nje hajui kimesemwa nini. Mwanamize akainua mkono ili apige hodi. Akafikiri kwamba akiingia watanyamaza, watamtazama, watamwonea huruma, na kicheko chao kitakuwa kimekatika kwa sababu yake. Mkono ukashuka. Akarudi alikotoka.

Akaushona ule mdomo peke yake, kwenye kizingiti cha nyumba yake. Hakutamka hata neno moja. Alijiambia moyoni, nisiposema kitu, na yeye atakuwa na kitu gani cha kusema? Atatabasamu tu, na tabasamu litamtosha mwanangu. Kumbe uzi hausubiri mdomo wa mtu. Ukikuta ulimi umenyamaza, unachukua kilichopo moyoni.

Kesho yake alipomkabidhi Kazija yule mwanasesere, mtoto alifurahi mpaka akaruka. Mama akaenda shambani, na siku hiyo hakusikia kilio. Aliporudi alimkuta mtoto ameketi palepale alipomwacha, amempakata mwenzake, wananong'onezana. Mwanamize akashusha pumzi. Akasema moyoni, afadhali, nimepona.

Lakini siku zilivyosogea, Kazija aliacha kumkimbilia mama yake akirudi. Aliitikia bila kugeuka. Chakula alikula kidogo, akarudi kwenye kona yake kunong'ona. Sasa mjane akawa anakaa kwenye nyumba yake mwenyewe kama mpita njia, wawili wanazungumza na yeye wa tatu hana nafasi. Akisogea, wananyamaza. Mnajua ilivyo mtu kunyamaziwa na mwanawe wa kumzaa? Basi Mungu awaepushie.

Kisha mtoto akakataa kutoka nje. Mwanzoni alikataa kuvuka kijito, baadaye akakataa uwanja, mwisho hata kizingiti. Rangi ikampotea. Miguu ikawa miembamba, akisimama anashika ukuta. Mwanamize akashikwa na hofu, maana Kazija ndiye aliyekuwa amebaki naye duniani, na alikuwa akimwona anakwisha hivihivi bila ugonjwa wenye jina.

Akakuna nazi, akakanda unga, akakata visheti vidogo vidogo vya kitoto, akavikaanga, akavimwagia shira. Harufu ikavuka kijito kabla yake. Watoto wa upande wa pili hawakuhitaji kualikwa, mnawajua watoto. Walikuja wamejipanga mlangoni, pua mbele. Mwanamize akawagawia, akamwita mwanawe. "Kazija, mama, wenzio hawa. Njoo mle pamoja."

Kazija akatazama mlango. Akanyanyua mguu mmoja. Ndipo mwanasesere aliposema kwa sauti, na kila mtu akasikia: "Usiende. Wanakuja, halafu wanaondoka. Heri wasingekuja kabisa."

Watoto wakaogopa, wakakimbia na visheti mikononi. Mwanamize alibaki na sinia, amesimama. Maneno yale aliyajua. Aliyasema siku ya kumaliza matanga, alipokuwa akiviangalia vyombo vilivyoinamishwa jikoni, na hakuyasema kwa mdomo, aliyasema moyoni, hakuna kiumbe aliyeyasikia. Akajua basi kwamba mwenye kumzuia mtoto wake ndani ya nyumba, siku zote hizo, alikuwa yeye mwenyewe.

Akachukua sindano. Akamwomba Kazija mwanasesere, mtoto akamng'ang'ania, wakavutana, mpaka mama akampata. Akakaa chini akaanza kuufumua ule mdomo, na yule mwanasesere akaanza kusihi. "Mwache akae. Akizoea kwenda, utabaki na nani? Nani atakuitikia ukirudi? Mwanamize, utabaki na nani?"

Na hapo, wanangu, msiniambie kwamba kazi ilikuwa rahisi. Kufumua si kazi ngumu, hata mtoto anaweza. Lakini kila neno alilokuwa akiambiwa lilikuwa la kweli. Alilia mpaka akawa haoni uzi, akaupapasa kwa kidole. Alifumua huku akisema, "Najua. Najua. Najua." Sauti ikapungua kadiri uzi ulivyotoka, ikawa kama mtu anayesinzia, na uzi wa mwisho ulipochomoka, nyumba ikanyamaza.

Kazija akamtwaa mwanasesere wake, akamtikisa, akamweka sikioni. Kimya. Akamtazama mama yake kwa macho yaliyojaa machozi, akauliza, "Anasemaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi mtoto kumuuliza mama yake jambo. Mwanamize angeweza kujibu lolote, na lolote lingeaminiwa. Angeweza kusema, amesema ukae hapa na mama. Akajifuta uso na pindo la nguo. "Anasema," akamwambia, "kuna watoto huko nje, na yeye anataka kwenda kucheza nao. Mpeleke."

Kazija akavuka kizingiti kwa kushika ukuta. Akavuka uwanja. Kwenye kijito akasita, mama akadhani atarudi, na nisiwafiche, sehemu moja ya moyo wake iliomba arudi. Hakurudi. Mwanamize akaingia ndani, akavifunika visheti vilivyobaki. Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko yote aliyowahi kuiona.

Kule kwa Bi Chausiku watoto walimzunguka mgeni. Wakamuuliza, mbona mtoto wako hana mdomo? Mbona hasemi? Kazija akafikiri. Akamwinua mwanasesere, akabadilisha sauti, akasema, "Nasema, ila leo nataka kuwa simba." Akanguruma. Watoto wakashangaa. Wao wanasesere wao walikuwa na maneno yaleyale waliyoshonwa nayo, harusi ya fulani, mkwe wa fulani, asubuhi mpaka jioni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa simba. Wakaanza kugombea wa Kazija. Walipochoka kugombana, kila mmoja alikwenda kwa mama yake na wa kwake mkononi: nifumulie na mimi.

Kina mama waliguna, wakasema hawa watoto wameingiwa na nini. Lakini wakafumua, na wengine, nawaambia, walifumua kwa furaha kubwa, maana zile soga za mkekani zilikuwa zikisemwa na wanasesere mbele ya mkwe mwenyewe. Kabla mavuno hayajaingia ghalani, hapakuwa na mwanasesere mwenye mdomo bonde zima.

Jioni ya siku ile ya kwanza Mwanamize alipoona mtoto harudi, ikambidi amfuate. Akafika mlangoni palepale, akasikia vicheko vilevile, na safari hii alikuwa na sababu, akapiga hodi. Wakamwambia karibu. Wakanyamaza kidogo, kama alivyoogopa, wakamtazama. Kisha Bi Chausiku akasogea kwenye mkeka, akapiga mahali kwa kiganja. "Kaa. Mwanao bado anacheza, usimkatize. Umemaliza kuamia?" Akakaa pembeni, mguu mmoja nje ya mkeka. 

Msidhani sasa nitawaambia kwamba upweke ulimwisha. Haukumwisha. Usiku Kazija alimsimulia mambo ya wenzake mpaka usingizi ukamchukua katikati ya neno, na hilo lilimfurahisha. Lakini kesho yake alipotoka shambani alikuta nyumba imefungwa, mtoto yuko ng'ambo, na akafungua mlango mwenyewe. Akawa hivyo kesho kutwa na siku zilizofuata. Mara nyingine alikwenda mkekani, mara nyingine haya ilimrudia akabaki kwake, akawa anasikiliza sauti za watoto toka upande wa pili wa maji, akijaribu kuichambua ya mwanawe. Mtoto alinenepa. Miguu ikapata nguvu, akawa wa mbio kuliko wote.

Na tangu siku hiyo mwanasesere wa kitambaa hushonwa macho, hupachikwa nywele, huvishwa nguo na hata hereni, lakini mdomo hashonwi. Mtoto ndiye anayemsemea. Usiku wa leo mtakaporudi makwenu, mtawasikia watoto wenu wakiwasemesha hawa mliowashona, na wengi wenu mtacheka, mtasema ni mchezo. Ni mchezo kweli. Ila siku ukiwa unakosha vyombo, umemchoka kila mtu, ukamsikia mwanao kule kwenye kona anamwambia mwanasesere wake, "Nyamaza usilie, mama ana kazi, atakuja," basi acha vyombo. Nenda na mikono yako yenye mapovu, ukae naye.