Chumba Alichokifunga Kalunde

Shangazi yangu kanitumia hii asubuhi. Nimeisoma nikaona si ya kukaa nayo peke yangu.

Alikuwepo mama mmoja Tabora, jina lake Kalunde. Mumewe Maganga alipofariki, alikifunga chumba chao kwa ufunguo, akahamia sebuleni. Tangu hapo hakutulia. Akikaa, anainuka. Akiinuka, hakumbuki alichofuata. Chai inapoa kikombeni, yeye yuko uani anafagia palipokwisha kufagiwa.

Majirani wakampeleka kwa Mwanvita, mwanamke anayetibu kwa miti shamba. Mwanvita alimfukiza kwa mchaichai, akamkanda mabega kwa mafuta ya karafuu, akamfundisha kuvuta pumzi polepole. Usingizi ulirudi kidogo. Wasiwasi ukabaki palepale.

Kisha binti yake, Nyamizi, akapiga simu. Mimba yake ilikuwa kubwa, alitaka kuja kujifungulia kwa mama. Chumba cha kumlaza kilikuwa kile kimoja tu.

Kalunde akakimbilia kwa Mwanvita kuomba dawa kali zaidi. Alisema siku akiufungua ule mlango ataanguka na hatainuka tena, kwani anajijua.

"Dawa ya kukuambia kesho utajisikiaje sina," Mwanvita alimjibu. "Twende tukafungue. Ukianguka nitakushika. Mimi misiba nimeizoea."

Ufunguo ulimponyoka Kalunde mara mbili. Mlango ulipofunguka, Kalunde akafungua kabati la Maganga, na nyuma ya makoti ilining'inia suruali ya kahawia yenye viraka. Ndiyo ile waliyogombana kwa ajili yake miaka mingi, Kalunde akitaka itupwe, na Maganga akaapa kwamba ameshaitupa. Ilikuwa imepigwa pasi vizuri kabisa.

Kalunde akacheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani, machozi yanamtoka.

Alipogeuka, alimkuta Mwanvita chini sakafuni, analia kwa kwikwi. Naye alikuwa mjane. Alimzika mumewe, matanga yakaisha, akarudi kuwafukiza watu akidhani majonzi yamepita.

Kalunde alishuka akamkumbatia.

"Lia, mwenzangu. Leo nakushika mimi."

Jioni ile walifua mashuka pamoja. Nyamizi alipowasili, madirisha ya chumba yalikuwa wazi, na mama yake amelala fofofo kitandani, mchana kweupe.

Funzo: Dawa na mkono wa mwenzio huupunguzia moyo mzigo, lakini hakuna ajuaye atakavyojisikia kabla wakati wenyewe haujafika, basi usiufunge mlango kwa kuogopa machozi ambayo bado hujayalia.