Wimbo wa Breki za Shemdoe

"Breki ikiimba, inaaga." Ndivyo mlivyomsikia Bi. Mwanahawa akimwambia mpwa wake, yule anayekohoa tangu mwezi wa mfungo na kudai ni vumbi tu. Mkacheka, mkaniuliza breki na kikohozi vimekutana wapi. Basi kaeni niwaeleze, maana methali hii haikushuka kutoka mbinguni, ilizaliwa barabarani, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Huko Kwembago, juu kabisa milimani, ukungu hushuka asubuhi na hauna haraka ya kuondoka. Ukinyoosha mkono, vidole vinapotea. Kwa hiyo watu wa huko hutambuana kwa masikio: huyu kwa kuburuza viatu, yule kwa kengele ya mbuzi wake. Shemdoe alitambuliwa kwa breki za gari lake.

Lilikuwa gari kubwa kuukuu la viti saba, aliloachiwa na marehemu baba yake. Alishusha nalo kabichi na karoti mjini, akapandisha wageni. Mwaka ule breki za mbele zilianza kupiga mluzi kila alipokanyaga, mluzi mwembamba, mtamu, uliotangulia gari kona tatu nzima. Wanawake walipousikia walijitwika matenga yao wakasogea barabarani, ingawa hawakuona kitu. Naye mama yake, Bi. Nakiete, aliyekuwa haoni kwa miaka sita, aliusikia akainuka kubandika chai. Shemdoe alifika akakuta kikombe kinafuka moshi, akanywa bila kusema neno, kwa kuwa gari lilikwisha kumpigia hodi. Alijiona mtu anayeletwa nyumbani na wimbo, na jambo hilo lilimfurahisha mno.

Fundi Mhina wa mjini hakufurahi. Alifungua gurudumu, akapitisha kucha juu ya diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi ili gari lisimame.

"Pedi zimelika zote, sasa chuma kinakula chuma," alisema. "Diski imekuwa nyembamba, tena ina mifereji. Tubadilishe zote mbili, kushoto na kulia, pamoja na pedi zake."

"Mama atanijuaje?"

Mhina alidhani hakusikia vizuri. "Kwani mama yako anakujua kwa breki?"

"Mlima mzima unanijua kwa breki," Shemdoe alijibu, akamngoja arudishe gurudumu, kisha akawasha gari.

Ninyi mnaojua kila kitu mtasema alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alipendwa kwa sauti ile, na kitu unachopendewa huna moyo wa kukikagua.

Mwezi ukapita, mluzi ukawa mzito, kisha ukawa mkwaruzo. Asubuhi moja alimpakia mama yake ampeleke bondeni akamtembelee dada yake. Ukungu ulikuwa mweupe na laini, gari likawa kama linaelea, na Bi. Nakiete akaegemeza kichwa kwenye kioo, anatabasamu. Kwenye kona ya nne Shemdoe akakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini. Hapakuwa na mluzi wala mkwaruzo, na kimya kile kilimtisha kuliko mteremko wenyewe. Akaingiza gia ya kwanza, injini ikanguruma, akavuta breki ya mkono, akalisukumia gari upande wa mlima, mbali na korongo. Likalima udongo, likavunja vichaka, likasimama.

Mama hakuumia. Aliomba kushushwa, akakaa kwenye majani mpaka chuma kilipopoa na Shemdoe akafungua gurudumu. Kisha mama akanyoosha mkono.

"Hiki ndicho kilichokuwa kikiimba?"

"Ndicho, mama."

Vidole vyake vikapita juu ya mifereji, vikafika ukingoni, ambako chuma kilikuwa kimebaki kikali kama wembe.

"Baba yako alianza hivi," alisema. "Kifua kilimpigia mluzi akilala, nami nikawa nausikia, nasema mume wangu yupo, nalala vizuri. Miezi minne niliupenda mluzi ule. Kumbe hakuwa akiimba, mwanangu. Alikuwa akiniaga."

Shemdoe akalia palepale, wala hakujificha.

Mhina aliitwa, akapanda kwa pikipiki na diski mbili mpya. Alisugua kutu mahali diski zinapokaa, akazipangusa mafuta ya kiwandani, akafunga pedi mpya na kubadilisha mpira uliokuwa ukivujisha mafuta ya breki. Akamwagiza akanyage kwa upole siku za mwanzo, mpaka pedi na diski zizoeane. Wakafika bondeni, wakakaa kwa dada siku mbili, wakarudi.

Wiki iliyofuata Shemdoe alitoka mjini gari likiwa kimya kabisa. Nyumbani hapakuwa na chai. Bi. Nakiete alikuwa akichambua maharagwe, akasikia mtu mlangoni.

"Nani?"

Shemdoe alisimama. Hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa hivyo katika nyumba ile. "Ni mimi, mama. Nimerudi."

"Hebu sema tena."

"Nimerudi, mama."

Mama aliweka ungo chini. "Umekuwa na sauti ya baba yako," alisema polepole. "Muda wote huu sikujua."

Tangu hapo, watu wa Kwembago wakisikia kitu walichokizoea kimeanza kutoa sauti mpya, hata iwe tamu namna gani, hukifungua wakakitazama. Breki ikiimba, inaaga.