Ini Lililochanwa Kabla ya Kuokwa

Kale ilikuwepo, nasi hatukuwepo. We Tulinagwe, acha kumfinya mwenzio, sikiliza. Zamani hizo Uhehe ilikuwa nyasi na ng'ombe, nyasi na ng'ombe, maziwa watu walinawia mikono. Siku hizi mnapimiwa kwa kikombe. Aa, raha ilikuwepo, wajukuu zangu, naikumbuka kwa kusimuliwa tu na bado naililia.

Basi Sekinyaga akaolewa kwa kina Luhwago. Mwaka alioingia, mvua zikagoma, milima ikakauka, na baba mkwe wake, Mzee Luhwago, akaamuru ng'ombe wateremshwe kinamasini. Wakala, wakala. Kisha wakakonda, wakakonda, na chini ya taya ukaning'inia uvimbe laini kama kibuyu. Watu wakasema ni mkosi wa bibi harusi. Mzee naye akakubali: kesho atarudishwa kwao. Na Sekinyaga alimpenda mumewe, jamani. Alilia mpaka macho yakamwuma.

Siku hiyo wakachinja ng'ombe mmoja aliyekuwa hoi. Sasa shikeni mila: ini ni la wazee, na huokwa zima, halipitiwi na kisu mpaka liive. Lakini Mzee Luhwago meno yalikuwa yamemwisha, akaagiza fungu lake likatwekatwe, lichemshwe. Sekinyaga akakata. Kisu kikakwaruza kama kimepita mchangani. Akakata tena, kikakwaruza tena. Mara wakatoka minyoo, bapa kama majani, wakijikunja.

Akalitia kwenye ungo, akaenda walipoketi wazee, mahali ambapo mkamwana hakanyagi. Wakaguna. Akapiga magoti.

"Baba, kunirudisha mtanirudisha. Lakini hawa sikuja nao mimi. Kama ni mkosi wangu, mbuzi waliobaki mlimani mbona hawajavimba?"

Mzee akautazama ungo, akalitazama bonde.

"Kinamasini niliwapeleka mimi," akasema.

Siku ileile ng'ombe wakapandishwa mlimani, wakachotewa maji ya chemchemi, wakanyweshwa mizizi michungu. Waliozidiwa walikufa, siwafichi. Wengine uvimbe ukanywea, maziwa yakarudi. Tangu hapo ini likachanwa kwanza, wazee wakitazama.

Wajukuu zangu, ugonjwa uchungulieni ndani kabla hamjautafutia mtu wa kulaumu. Sekinyaga hakurudishwa. Kitinda mimba wake ndiye aliyenizaa mimi. Angerudishwa kesho yake, hapa nisingekuwepo wa kusema, wala nyinyi wa kusikia.

Kisa changu kimeingia zizini, nimefunga lango.