Kiatu cha Kulia

Wahenga waliposema kuwa milima haikutani lakini binadamu hukutana, shida yao haikuwa milima. Mlima utasimama ulipo mpaka dunia ichoke. Mtu ana miguu, hata akibakiwa na mmoja, na mguu haujui mpaka. Basi unapoachana na mtu, awe ndugu au adui, mwache vizuri, kwa maana hujui mtakutana wapi wala atakuja amebeba nini.

Hapo zamani si za kale sana, palikuwa na fundi viatu katika mji uliokuwa kando ya mto. Mji huo na ule wa ng'ambo ilikuwa chini ya mfalme mmoja, watu wakioana na kuazimana ngazi. Kisha ufalme ukavunjika kama chungu, na kila kigae kikajiita taifa. Kila upande ukashona bendera yake na kutunga wimbo wake, na watu waliokuwa wakiitana shemeji wakaanza kuitana wadudu. Vita vikaja, vikakaa miaka minne, vikaondoka, vikaacha ukungu. Ndivyo alivyoona fundi. Kila asubuhi ukungu ulipanda kutoka mtoni, ukajaza barabara hadi usawa wa madirisha, na watu wakapita ndani yake polepole kama samaki. Wengi walipita kwa mguu mmoja.

Mikono ya fundi ilikuwa na mazoea ambayo vita havikuyavunja. Marehemu baba yake alimfunza kwamba kiatu hakizaliwi peke yake. Unakata viwili katika ngozi moja, unavishona kwa zamu, mshono huku, mshono kule, visije vikawa wageni. Basi mteja mwenye mguu wa kushoto tu alipokuja, fundi alishona vyote viwili, akampa cha kushoto, na cha kulia akakipandisha rafuni. Rafu ilikuwa imejaa viatu vinavyotazama mlango.

"Mdogo wangu, ngozi inaisha," dada yake alimwambia akifagia vipande chini ya meza. "Au unasubiri miguu iote?"

"Nikishona kimoja kinatoka kimepinda, dada. Kinakuwa kama mtu anayemtafuta mwenzake."

Hata mpiga tarumbeta, mteja wake wa tangu zamani, alikuwa akiingia kwa magongo yake na kuiuliza rafu, "Haujambo, mguu wangu wa kulia?"

"Haujambo," fundi humjibu. "Umenenepa."

Walicheka, lakini dada mtu aliyajua ya moyoni mwa ndugu yake. Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, ambaye huyo dada ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Tarumbeta na bendera zilipopita barabarani, kijana alijiandikisha. Baba mtu hakutaka. Siku tatu hakumsemesha. Hata hivyo alimshonea viatu, na chini ya soli ya ndani ya kila kimoja akaficha kipande cha kitambaa cha buluu, kitambaa cha kichwa cha marehemu mkewe. Akaviweka mlangoni. Kijana alipovivaa na kusema, "Baba, kwaheri," fundi aliinamia ngozi yake. Kilichojibu ni msharasi tu, ukitoboa.

Miaka miwili baadaye ikaja barua: amepotea. Si amekufa, si yu hai. Amepotea, kama kifungo cha shati. Tangu hapo, kila fundi aliposinzia, alisikia hatua za kiatu kimoja zikipita nje, ta, kimya, ta, kimya. Akatundika kibao mlangoni: WATU WA NG'AMBO HATUWAHUDUMII.

Daraja lilipofunguliwa tena, asubuhi moja ukungu ulimtoa mtu mwenye gongo na mguu mmoja, wa kulia.

"Hodi hapa."

"Karibu," dada mtu aliitikia kabla hajafikiri.

Fundi aliisikia lafudhi. "Kibao hukukiona?"

"Nimekiona, mzee wangu. Nimekisoma mara tatu, nikitumaini kitabadilika."

"Hakijabadilika."

"Basi niazime uzi tu, nishone mwenyewe. Kiatu hiki kimefungua kinywa, sitafika hata darajani."

"Hata uzi hatuna."

"Ndugu yangu!" dada mtu alimkemea. "Mtu mwenye mguu mmoja umrudishe hivyo hivyo? Nipe hicho kiatu, kijana. Nitakishona mimi, tuone nani atanifukuza."

Mgeni aliketi, akakivua, akakinyoosha. Fundi alikidaka ili akirushe nje. Mkono wake ukajua kabla ya macho. Chini ya kisigino palikuwa na misumari saba ya mti, sita imepangwa duara, wa saba umekaa kando. Hakuna fundi mwingine aliyepiga hivyo. Alikaa. Akachukua msharasi, akainua soli ya ndani. Kitambaa kilikuwamo, buluu yake imefifia kama moshi.

"Hiki umekitoa wapi?"

Mgeni angeweza kudanganya. Aliutazama msharasi mkononi mwa mzee, akasema, "Nilimvua maiti. Mtu wa upande wenu. Alikuwa amelala chini ya miti mitatu, karibu na kinu cha maji, kama aliyepumzika. Ilikuwa baridi kali, na kiatu changu cha kulia kilikuwa kimebaki kamba tu. Wenzangu wakaniambia vua vyote, adui huyo. Nikavua kimoja. Halafu nikaona haya. Nikamchimbia kaburi, nikapanga mawe juu, nikamwambia, 'Ndugu, nimekuazima. Milima haikutani, ila sisi tutakutana.' Wiki iliyofuata bomu likauchukua mguu wangu wa kushoto."

"Kidevuni alikuwa na kishimo?" dada mtu aliuliza kwa sauti nyembamba kama uzi.

"Alikuwa nacho, mama."

Fundi aliuweka msharasi mezani. Alitoka, akaking'oa kibao, akarudi nacho. Kisha akatoa rafuni kiatu cha kulia cha mpiga tarumbeta, akapiga magoti mbele ya mgeni na kumvisha. Kilimkaa sawasawa.

"Hiki ni chako," alisema. "Kile kina mwenzake. Nipeleke."

Usiku ule hakulala. Alikichonga kile kibao kikawa misumari ya mti, akaufunga kwayo ule mdomo wa kiatu, kitambaa cha buluu kikiwa ndani. Kesho yake wakavuka daraja, yeye, dada yake na mgeni, wote watatu wakitembea kwa mwendo wa gongo. Kinu kilikuwa kimesimama. Miti mitatu ilielea katika ukungu kama iliyochorwa kwa pumzi. Fundi aliyapangua mawe kidogo, akakilaza kiatu upande wa kulia, akayarudisha jiwe kwa jiwe. Akainua kichwa, jambo ambalo siku ile ya kuagana hakulifanya.

"Kwaheri, mwanangu," alisema. "Nenda salama."

Waliporudi darajani, fundi alisikia nyuma yake hatua zikiondoka, ta na ta, za miguu miwili. Hakugeuka. Aliushika mkono wa mgeni asije akateleza. Hakika, milima haikutani, lakini binadamu hukutana.