Bomba Lililounguruma Vizuri

Ndugu zangu, leo nina habari ya mwanamume mmoja na pikapu yake. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana mwanzoni mtacheka.

Mwanamume huyu aliishi milimani kwenye viazi, kule ambako gari likianza kupanda kijiji cha chini, wa kijiji cha juu wanalisikia. Alikuwa mtu mzima wa kuheshimika, mwimba besi wa kwaya tangu ujana wake, na sikio lake lilikuwa kali. Mkiimba watu arobaini akakosea mmoja, yeye alimjua, na safu aliyosimama aliijua. Pikapu yake ilikuwa ya wote. Ilibeba viazi, ilibeba maharusi, ilibeba majeneza, na mgonjwa wa kijiji kile akishuka hospitali alishuka akiwa amelazwa nyuma, kwenye bodi yake ya mizigo. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema msije mkamtafutia ubaya, kwa sababu tukimfanya mbaya tutakuwa tumejitoa sisi wenyewe kwenye habari hii.

Kule pikapu haina kengele. Aliye nyuma akitaka kitu anagonga paa la kabini kwa kiganja. Mara moja, dereva simama. Mara mbili, twende. Watoto wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma.

Basi bomba la moshi la pikapu ile, hilo mnaloliita ekzosi, likaliwa na kutu likadondoka njiani. Mzee akashuka mjini kwa fundi. Fundi akamtolea mabomba matatu, akawa anayafunga moja moja kwa waya ili amsikilizishe. La kwanza lilikuwa kimya kama lile lililokuja na gari. Mzee akapiga miayo. La pili lilibweka. "Hili la vijana," akasema, "toa, litatutia aibu." La tatu, fundi alipokanyaga mafuta, mzee akafumba macho. Ilikuwa besi, ndugu zangu. Besi safi ya kifuani, isiyokwaruza, na fundi alipoachia mafuta ilishuka taratibu kama wazee wa kwaya wanavyomalizia Amina.

Ningependa kuwaambia kwamba ile ilikuwa kelele mbaya. Haikuwa. Hata mimi ningeipenda.

"Funga hili," alisema mzee. "Hili linaimba."

"Mzee wangu," fundi akamjibu, "tangu tumeanza umesimama huku nyuma. Huku nyuma ni sauti ya wapita njia. Ingia ndani, pandisha vioo, usikie ile utakayosafiri nayo."

Akaingia, akapandisha vioo, akakanyaga mafuta. Mle ndani haukuwa wimbo tena. Ulikuwa mvumo mmoja mzito uliojaza kabini na kutetemesha usukani. Alimwona fundi dirishani akifungua mdomo na kuufunga. Akateremsha kioo.

"Umesemaje?"

"Nimekuuliza, unanisikia?"

Mzee akacheka sana. "Nitazoea, fundi. Wewe funga."

Na kweli akazoea. Hilo ndilo linalonitisha mimi. Binadamu anaweza kuzoea kutosikia, na asione kwamba amepungukiwa na kitu.

Siku aliyorudi kijijini watu walitoka nje. Wanawake waliokuwa wanavuna waliinua migongo, wakapunga mikono. Wanakwaya wakamtania kwamba besi amejipatia besi mwenzake. Naye, kila alipokaribia nyumba za watu, mguu wake uliongeza mafuta kidogo. Kidogo tu. Ninyi hamjawahi? Nani kati yetu hapendi kusikika akipita?

Yakaanza mambo madogo madogo. Bibi mmoja aligonga paa ashuke kwake, akapelekwa hadi daraja la pili na kikapu chake. Mwalimu akapitishwa shule. Mzee aliomba radhi kwa moyo wote, kisha akawaambia, "Siku nyingine mgonge kwa nguvu." Mmeona alivyofanya? Bomba ni lake, lakini kazi ya kusikika amewapa wa nyuma.

Sasa ikafika siku ya mkwewe, mke wa mwanawe Ambakisye. Uchungu ulimwanza asubuhi, mimba ya kwanza, na Ambakisye alikuwa mbali kazini. Mzee aliomba na familia, akaosha bodi kwa mikono yake, akatandika godoro. Kwa desturi yao mkwe hakai karibu na baba mkwe, hata macho hawakutanishi. Kwa hiyo kiti cha mbele kilibaki kitupu. Binti akalazwa nyuma, mama mkwe akakaa naye, na mzee, kwa heshima, akafunika bodi yote kwa turubai mpaka likaziba kioo kilicho nyuma ya kichwa chake. Kila alichofanya kilikuwa cha mtu mwema. Akapandisha vioo kwa ajili ya vumbi, akaondoka.

Katikati ya njia, pale kwenye kona, ipo zahanati ndogo. Mzee hakupanga kusimama pale. Yeye aliwaza hospitali kubwa yenye madaktari. Alipoikaribia alimwona nesi ametoka nje amesimama kando ya barabara, mkono juu. Mzee akaona amesalimiwa. Akampigia honi, akaongeza mafuta, na mlima mzima ukaitikia. Kule mbele alikuwa anajisemea moyoni kwamba leo anapata mjukuu, na kwamba mjukuu huyo ataingia duniani kwa shangwe. Alianza hata kuimba. Aliimba besi yake juu ya besi ya bomba, na zikapatana.

Alipofika hospitali akazima gari. Ukimya ulipoingia ndipo aliposikia mkewe analia.

Akazunguka mbio, akafunua turubai, akasahau na desturi. Mkwewe alikuwa hai, amelegea, macho yanaangalia juu. Mkewe alikuwa amepakata kitu ndani ya kitenge. Alikuwa mtoto wa kiume, mzuri, ana kila kitu isipokuwa pumzi. Manesi wakaja na kitanda cha magurudumu, wakamchukua mama yake haraka, naye wakamwokoa. Mtoto hawakumchukua haraka.

Mzee na mkewe wakabaki kwenye benchi. Uchungu ulimjaa mzee, na uchungu ule ukatoka kama hasira, maana ndivyo tulivyo.

"Mama Ambakisye, si ungenigongea? Kwa nini hukugonga?"

Mkewe alitoa mkono wa kulia chini ya khanga akauweka magotini. Kiganja kilikuwa kimevimba, ngozi ya vifundo imechunika, damu imekaukia kwenye kucha.

"Nilianza kugonga tulipokaribia zahanati," alisema. "Binti alikuwa ameshindwa. Nikagonga, ukaongeza mafuta. Yule nesi alikusikia tangu kona ya juu, akajua umeleta mgonjwa, ndiyo maana alitoka. Nilichungulia pembeni ya turubai nikamwona, amevaa glavu tayari. Ukampigia honi. Nikakupigia simu, ikawa inaita tu. Nimegonga mpaka mtoto akazaliwa, nikagonga na baada ya kuzaliwa. Alilia, Baba Ambakisye. Alilia kidogo, halafu akanyamaza. Sisi wa nyuma tulimsikia."

Mzee akatoa simu mfukoni. Ilikuwa imeita mara saba.

Siku ile vijiji vyote vya njiani vilimsikia yeye akipita. Sauti moja ndogo ilitoka kwenye gari lake mwenyewe, ya mjukuu wake mwenyewe, mita mbili nyuma ya kisogo chake, na mwenye sikio kali kuliko wote hakuisikia.

Wapendwa, simwambii mtu leo kwamba sauti nzuri ni dhambi. Tunaimba vizuri hapa. Nimekaa makanisa mengi, na sijapata kuwa na kwaya kama hii. Sala zetu za alfajiri zinasikika mpaka sokoni, na watu wanatusifu. Nasi tunapenda kwenda kusimama kule waliko watu, tusikie tunavyosikika. Lakini ni lini tulifunga vioo tukauliza kama bado tunamsikia aliye nyuma yetu?

Alhamisi tumemzika kijana wetu Lusajo, fundi cherehani. Mnajua alivyokufa. Aliugua chumbani kwake siku nne, peke yake. Pale makaburini niliwasikia watu wakiulizana, wengine kwa hasira kabisa: mbona hakusema? Sisi ni kanisa lake, mbona hakutuambia?

Sasa mnisikilize mimi mchungaji wenu. Lusajo alisema. Jumamosi kabla hajafa alinifuata pale mlangoni akaniambia, "Mchungaji, sijisikii vizuri, na nyumbani sina mtu." Nilikuwa nahangaika na mkutano wetu wa injili. Nikamshika bega, nikamwambia pole, nitapita. Sikupita. Na si mimi peke yangu. Jana nimekwenda kwa kiongozi wa kwaya, naye amekiri akilia kwamba Lusajo alimwomba asindikizwe hospitali, akamwambia baada ya mazoezi. Wapo wengine humu wanaojijua, nami siwataji.

Mnajua alikokuwa anaishi? Kile chumba cha uani, kinachopakana na ukuta huu mnaouegemea. Siku zote nne tulikuwa humu jioni, tunafanya mazoezi ya mkutano. Kwa siku nne alilala pale akitusikia tunavyoimba vizuri.

Mungu atusamehe. Natamka hivyo nikianza na mimi.

Nilikuwa nimepanga kwaya isimame sasa ituimbie. Msisimame. Kaeni hivyo hivyo. Walioko mabenchi ya nyuma, mliofiwa, mnaoumwa, mlioniambia jambo nikawajibu nitapita, leo mtasema ninyi na sisi tutanyamaza. Hata mkisema polepole. Nazima kipaza sauti, nashuka, nakuja huko mliko.